Kidonge cha presha: kimeze asubuhi

Wenye presha na miguu kuvimba mnaotumia kile kidonge chenye dawa mbili za kukojosha, haidroklorothiazaidi na amiloridi: kimezeni asubuhi, la sivyo usiku ni safari za chooni tu. Ukiwa na safari ya meli kwenda Nansio usikiruke. Muulize daktari kama unaweza kukimeza ukishafika.

Ila kubwa ni hili. Amiloridi huzuia madini ya potasiamu yasitoke mwilini. Ile chumvi mbadala ya supamaketi mara nyingi ina potasiamu nyingi, na ikizidi huvuruga mapigo ya moyo. Diklofenaki, ile dawa ya maumivu ya mgongo, nayo usijinunulie bila kuuliza. Kayabo, yule samaki mkavu wa chumvi (najua, ni tamu), punguza. Chumvi yake inaidhoofisha dawa.