Kuandaa dei kea kabla ya masika: tunavyofanya hapa Magomeni

Kituo changu cha kulelea watoto kiko Magomeni, Dar es Salaam, upande unaoshukia bonde la Jangwani, ambako mto Msimbazi hufurika. Nina watoto 23, kuanzia miezi minane hadi miaka minne, na walezi watatu. Ukinijumlisha na mimi tuko wanne. Kila Februari, kabla mvua hazijakolea, tunafanya haya ninayoyaandika hapa. Wenzangu wenye vituo mabondeni, chukueni yatakayowafaa.

Kwanza jua maji yako yanatoka wapi. Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu. Mvua ikimwagika huko usiku kucha, sisi huku tunaweza kuamka na jua, nguo tukaanika, na mchana mto ukatujia. Kwa hiyo siangalii wingu la Magomeni peke yake. Nasikiliza taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, na nina dada yangu anakaa Pugu. Akinitumia meseji kwamba kwao haijakatika tangu alfajiri, nawapigia wazazi: mwenye nafasi ya kubaki na mtoto nyumbani, abaki naye. Wala msidhani ni masika tu. Mafuriko ya 2011, yale yaliyofanya watu wa mabondeni wahamishiwe Mabwepande, yalikuja Desemba.

Jambo la pili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote: amueni mapema mtaondoka lini. Zamani tulikuwa tunabishana. Mmoja anasema tungoje ipungue, mwingine anasema tumpigie mwenye kituo kwanza. Mara moja tulipoteza nusu saa namna hiyo, na tulipofungua geti maji yalikuwa magotini kwangu. Maji yanayonifika mimi gotini, mtoto wa miaka mitatu yanamfika tumboni, na yanamzoa. Sasa tumepiga mstari wa rangi nyekundu kwenye ukuta wa mtaro mbele ya geti. Maji yakigusa mstari, watoto wanatoka. Mlezi aliyepo hahitaji ruhusa yangu, hata kama niko sokoni, hata kama uji umeiva na haujanywewa.

Tunakokwenda ni madrasa iliyo juu ya mtaa, mwendo wa dakika kumi kwa miguu midogo. Nilikwenda mwenyewe kuongea na ustadhi, akanipa ufunguo wa pili. Msitegemee kwamba siku hiyo mtapata mtu wa kufungua.

Watoto wanaotembea wanashika kamba. Ni kamba ya manila, mita nane, nimeifunga vitanzi na kila kitanzi kina kipande cha kanga cha rangi yake. Kila mtoto anakijua chake. Kuna mmoja hakubali kushika kingine zaidi ya cha njano. Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi tunakwenda nayo hadi madrasa na kurudi, jua likiwaka, tukiimba. Wasiotembea wanabebwa mgongoni kwa mbeleko, na hapa naomba mnisikilize vizuri: ninapokea wachanga wanne tu, kwa sababu tuna migongo minne. Wazazi wamenibembeleza sana niongeze wa tano. Siongezi.

Kabla ya kutoka, ita majina kutoka daftarini, usihesabu vichwa tu. Siku moja tulihesabu tukapata 23, tukaridhika, kumbe tulikuwa tumemhesabu mtoto wa jirani aliyeingia kujikinga mvua. Wetu mmoja alikuwa amelala nyuma ya magodoro yaliyosimamishwa ukutani. Tulimpata kwa sababu mlezi mmoja aliona kandambili moja imebaki mlangoni. Tangu siku ile anayetoka mwisho anapita chooni, chini ya meza na nyuma ya magodoro, akigusa kwa mkono. Yeye ndiye anazima na mein switchi, mradi sakafu bado ni kavu. Maji yakishaingia, asiiguse.

Vitu vya kubeba viko kwenye ndoo ya lita ishirini yenye mfuniko, si kwenye begi. Ndoo haipitishi maji, na mkifika inakuwa choo cha watoto. Ndani kuna daftari la majina na namba za wazazi, simu ndogo ya kitochi yenye chaji na vocha, tochi ya kumulika, nepi, maziwa ya unga, biskuti, maji ya chupa, ORS (dawa ya kuchanganya na maji kwa mtoto anayeharisha), na dawa ya mtoto mwenye pumu. Namba zimeandikwa kwa kalamu, kwa sababu simu janja huzima chaji haraka. Kwenye mfuniko nimeandika 114 ya Zimamoto na 112 ya polisi.

Halafu jiandaeni kulala hukohuko mlikokimbilia. Barabara ikifungwa Jangwani, wazazi wangu wengi wanakwama Kariakoo na Posta. Ndiyo maana kila Januari mzazi ananiandikia watu wawili wa upande huu wa bonde wanaoweza kumchukua mtoto, na picha zao. Asiye kwenye daftari simpi mtoto. Kuna mjomba nilimkatalia saa mbili usiku, mtoto akimkimbilia, mwenyewe akinifokea mbele za watu. Alikuwa mjomba kweli. Hata hivyo ningemkatalia tena. Anayechukua anasaini na kuandika saa.

Moto nitausema kwa ufupi: mtungi wa gesi ukae nje, funguo ya mlango iwe kwenye msumari palepale, na jiko la mkaa lisiingizwe chumba cha watoto hata kuwe na baridi gani. Moshi wake usioonekana unaua watu usingizini.

Mkirudi, maji ya mafuriko myachukulie kuwa ni maji ya choo, maana vyoo vya mtaa mzima vimefurika humo. Godoro lililolowa litupwe, hata kama ni jipya. Sakafu na vyombo tunaosha kwa klorini, na maji ya kunywa tunachemsha. Midoli ya kitambaa nayo inakwenda na magodoro.

Watoto nao wanarudi na hofu. Mvua ikianza kupiga bati, wapo wanaoacha kula wakaanza kulia. Siwaambii wanyamaze. Naitoa kamba, naitandaza sakafuni, kila mmoja anakwenda kukaa kwenye kitanzi chake, nasi tunaendelea na uji hapo hapo.