Kukokotoa fahirisi ya maendeleo ya binadamu kwa mkoa mmoja wa Tanzania

Fahirisi hii huunganisha afya, elimu na kipato kuwa namba moja kati ya 0 na 1; kila kipimo hulinganishwa na kiwango cha chini na cha juu kilichowekwa. Chukulia mkoa ambao wastani wa umri wa kuishi ni miaka 62. Toa 20 (kiwango cha chini), gawanya kwa 65 (85 ya juu kutoa 20): afya ni 0.646.

Elimu ina vipimo viwili. Miaka 9 ya shule anayotarajiwa kusoma mtoto gawanya kwa 18. Wastani wa miaka 6 waliyosoma watu wa miaka 25 na zaidi gawanya kwa 15. Wastani wa majibu hayo ni 0.45.

Kipato cha mtu mmoja kwa mwaka, kwa dola zilizorekebishwa kwa uwezo wa kununua, kinatumia logarithi. Kikiwa 3,000: log(3,000 ÷ 100) ÷ log(75,000 ÷ 100) = 0.514.

Zidisha zote tatu, tafuta kipeuo cha tatu: 0.531.

Wengi huharibu kwenye kipato. Pato la mkoa wa Geita lina dhahabu ndani yake, lakini faida ya mgodi haibaki yote kwa wakazi; ukilitumia hivyo hivyo, mkoa utaonekana tajiri kuliko kaya zake. Linganisha na matumizi ya kaya kwenye utafiti wa NBS (Ofisi ya Taifa ya Takwimu). Angalia na mipaka ya mikoa pia: Geita ilianzishwa 2012, Songwe ikatoka Mbeya 2016, kwa hiyo takwimu za Mbeya za kabla na baada hazilinganishwi moja kwa moja.