Kutoka Lubumbashi hadi Tunduma kwa gari lako: namna ya kuvuka Zambia bila kukwama

Kasumbalesa, mpaka wa Kongo na Zambia, iko kilomita 90 hivi tu kutoka Lubumbashi, na kwa sababu hiyo wengi wanaichukulia Zambia kama jirani wa kugonga mlango tu. Kwa mtu wa miguu, labda. Kwa gari lenye namba za Kongo, unaingia nchi inayoandika kila kitu: siku gari liliyoingia, namba ya shasi, ushuru uliolipa, na tarehe ambayo gari linatakiwa liwe limetoka. Gari nalo ni msafiri mwenye ruhusa yake ya kukaa. Ukilishika hilo, mengine yote yanaeleweka.

Anza mwezi mmoja kabla. Chanjo ya homa ya manjano inatambuliwa siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo huwezi kuifanya jana ya safari. Kama ulishachanjwa zamani, usirudie: tangu 2016 cheti kinadumu maisha yote. Kibebe chenyewe, si picha ndani ya simu, kwa kuwa Kasumbalesa watakiomba na Tunduma, mlango wa Tanzania, watakiomba tena. Paspoti iwe na kurasa tupu na zaidi ya miezi sita. Masharti ya viza hubadilika. Nenda ukaulize kwenye ubalozi mdogo wa Zambia na ule wa Tanzania, yote miwili iko Lubumbashi.

Sasa karatasi za gari, hapa ndipo safari nyingi zinavunjika. Carte rose (kadi ya usajili wa gari) iwe ya asili na jina lake lilingane na paspoti yako. Kama gari si lako, au ni la kampuni, mwenye gari aandike barua ya idhini mbele ya notaire (mthibitishaji wa hati): jina lako kama lilivyo kwenye paspoti, namba ya gari, shasi, injini, nchi utakazopita na tarehe. Ifasiriwe kwa Kiingereza. Permi (leseni ya udereva) ya Kongo iko kwa Kifaransa na askari wa Zambia anasoma Kiingereza, basi chukua pia permi ya kimataifa. Kisha kadi ya njano ya COMESA (bima ya gari ya soko la pamoja la Afrika ya mashariki na kusini) kutoka kwa mwenye asiransi wako: hakikisha Zambia na Tanzania zote hazikufutwa kwenye orodha ya nchi. Kadi hiyo inalipa hasara ya mtu uliyemgonga. Gari lako mwenyewe hailigusi.

Safisha mahali namba ya shasi ilipopigwa, kwa brashi ya waya na mafuta kidogo. Ofisa ataisoma kwa macho yake, na namba iliyoliwa na kutu inatia shaka ya wizi.

Mpakani, upande wa Kongo unapita kwa watu wa afya, DGM (uhamiaji) kwa muhuri, halafu DGDA (forodha). Usiondoke DGDA bila karatasi ya utokaji wa muda ya gari. Bila hiyo, siku ya kurudi unaweza kudaiwa ushuru kama aliyeleta gari jipya. Usijipange nyuma ya malori ya shaba, mstari wao unaweza kuchukua siku; uliza njia ya magari madogo.

Upande wa Zambia: afya, uhamiaji, kisha forodha (ZRA), ambako unapewa kibali cha kuingiza gari kwa muda. Kibali hicho kisome palepale dirishani, herufi kwa herufi. Kosa la kawaida kuliko yote ni tarakimu moja ya shasi iliyoandikwa vibaya. Ukigundua dirishani, wanasahihisha kwa dakika tano, ukigundua Nakonde, mpaka wa Zambia na Tanzania, kilomita 1,100 mbele, unalala mpakani. Kosa la pili ni siku. Uhamiaji wanaweza kukupa siku 30 na forodha wakaliandikia gari siku 14. Taja mwenyewe siku unazohitaji, ongeza tano za kuharibikiwa, na ufuate ile tarehe iliyo fupi.

Baada ya hapo unalipa kodi ya kaboni, inayopangwa kwa ukubwa wa injini, ada ya barabara kwa magari ya kigeni, na ushuru wa halmashauri. Kila malipo yana risiti yake. Ziweke zote kwenye bahasha moja ya plastiki karibu na dereva, maana zitaombwa njiani. Kama unamchukua deklaran (wakala wa forodha), patana bei kwanza na usimwachie paspoti akaondoka nayo. Fedha taslimu zikizidi dola 5,000, zitangaze.

Kuna vitu ambavyo Lubumbashi havina shida na Zambia vinakuingiza kituoni. Nguo za rangi za kijeshi, hata kofia ya mtoto, raia haruhusiwi kuvaa; ziache nyumbani kabisa. Dawa zenye kodeini au difenhidramini, ambayo imo katika dawa nyingi za kikohozi na mzio, zimewahi kuwafikisha wasafiri mahabusu: soma kiboksi, na kama daktari kakuandikia, beba karatasi yake. Nyama ya pori usibebe hata kipande. Usipige picha madaraja, mipaka wala askari.

Kwenye gari wanatazama pembetatu mbili za tahadhari na utepe wa kung'aa: mweupe mbele, mwekundu nyuma. Mikanda ifanye kazi viti vyote. Ongeza kizima moto, gurudumu la akiba lenye upepo, jeki, mkanda wa injini, fyuzi, mipira ya maji ya radieta, lita 20 za maji.

Zambia wanaendesha kushoto. Kwenye barabara ndefu hakuna shida, utafuata wenzako. Hatari iko asubuhi unapotoka hotelini au kituo cha mafuta na barabara ni tupu: mkono unarudi kulia wenyewe. Bandika karatasi «KUSHOTO» kwenye usukani. Kwenye mizunguko ya Chingola, Kitwe na Ndola, mpishe anayetoka mkono wa kuume. Usukani wako ukiwa kushoto, huoni mbele ya lori unalotaka kulipita, kwa hiyo rudi nyuma mita 30 au zaidi ili upate pembe ya kuona, na abiria akutazamie. Taa za gari la namna hiyo pia huwapofusha wanaokuja. Ziba kipande cha kioo cha taa kwa utepe mweusi.

Gawanya njia kwa siku tatu. Kasumbalesa hadi Kapiri Mposhi ni karibu kilomita 270. Mpaka ukikuchelewesha, lala Ndola. Kati ya Ndola na Kapiri unaweza kukuta njia za pembeni na vumbi, kwani upanuzi wa barabara ya Lusaka–Ndola, kilomita 327, ulianza 2023. Karibu na Kapiri unakunja kushoto, unafuata reli ya TAZARA, ile ya Tanzania na Zambia. Siku ya pili Mpika, kilomita 440 hivi. Jaza tangi Serenje, maana mbele yake vituo ni vichache. Siku ya tatu Nakonde. Gari la dizeli linalokula lita 13 kwa kilomita 100 litahitaji lita 160 hivi kutoka Lubumbashi, na weka 30 juu. Kwenye vituo vya kulipia barabara, kama Kafulafuta, uwe na kwacha za noti ndogo.

Usiku usiendeshe. Zambia yenyewe ilizuia mabasi ya abiria kutembea kati ya saa 3 usiku na saa 11 alfajiri, na sababu utaiona mwenyewe jioni ya kwanza: lori bovu limesimama katikati ya lami, halina taa, limewekewa matawi tu.

Nakonde, rudisha kile kibali cha forodha na udai muhuri wa kutoka. Wengi wanagonga paspoti tu na kupita. Gari linabaki limeandikwa liko Zambia, na deni linakusubiri safari ijayo. Kabla ya kuvuka, toa mifuko yote ya plastiki garini, kwa kuwa Tanzania iliipiga marufuku tangu Juni 2019, na sogeza saa yako mbele kwa saa moja: ofisi za Tunduma zinafuata saa ya huko.