Namna ya kurudishiwa hela za chupa na makopo New York, na hii kelele ya senti 5 iwe 10 inatoka wapi

Kwa mliohamia New York hivi karibuni, chukua risiti yako ya supamaketi uiangalie vizuri. Ukinunua pakiti ya maji ya chupa 24 utaona chini ya bei kuna dola 1 na senti 20 zimeongezwa, wengi wanadhani ni kodi wanapita hivi. Sio kodi. Ni dipoziti, senti 5 kwa kila chupa, na ni hela yako mpaka utakapoamua kuitupa. Sisi wa nyumbani hili jambo tunalijua, ukienda dukani kwa Mangi kuchukua soda bila chupa tupu unaacha hela ya chupa, tofauti ni kwamba kule chupa inaoshwa inajazwa tena, huku nyingi zinasagwa zinatengenezwa kitu kingine.

Kwanza jua kipi kinalipwa. Soda, bia, vinywaji vya malti na maji ya chupa (maji yaliingizwa 2009, ila yawe hayana sukari) vyote vina dipoziti, mradi chombo kiwe chini ya galoni moja. Juisi, maziwa, mvinyo, pombe kali, chai ya chupa na vile vinywaji vya wanamichezo havimo, ndio maana unakuta mtu kabeba mfuko mkubwa mgongoni akifika mashine inamrudishia nusu ya mzigo. Usikisie, soma lebo. Kwenye kopo angalia juu pale kwenye mfuniko, kwenye chupa angalia karibu na jina la kinywaji, utaona herufi za majimbo zimebanana na kati yake lazima iwepo NY na 5¢. Kama NY haipo hakuna hela.

Halafu maandalizi, hapa ndipo watu wanapoharibu. USIKANYAGE KOPO. Najua mkono unawasha kulibonyeza ili mfuko ubebe mengi lakini mashine inasoma ile mistari myeusi ya kuskani na inapima umbo pia, kopo likishakunjwa linatemwa, na hata muuzaji wa kawaida ana haki ya kukataa kilichopondeka au kuvunjika au chenye uchafu ndani. Mwaga kilichobaki, suuza na maji kidogo, geuza kikauke. Bia iliyolala siku tatu ndani ya mfuko wa nailoni wakati wa joto la Julai ina harufu ambayo jirani wa ghorofa ya juu ataisikia, na mende watakuja kabla hujapata muda wa kwenda. Glavu za bei rahisi zinasaidia sana. Tenga plastiki, makopo na glasi mapema maana mashine nyingi zina tundu lake kwa kila aina na foleni ya nyuma yako haina subira.

Sasa wapi pa kupeleka. Sehemu rahisi ni supamaketi kubwa yenye mashine, mara nyingi ziko nje au kwenye kakorido ka kuingilia. Unaingiza kitako kwanza, mashine inaizungusha inasoma, ikiikubali unasikia inavyosagwa, ukimaliza unabonyeza kitufe inatoa karisiti unampelekea keshia anakupa hela taslimu. Usilimbikize hizo karisiti kwenye pochi, wino unafutika na keshia wa wiki ijayo anaweza kukuletea maneno. Mashine ikikataa kopo zima lenye NY 5¢ mara nyingi ni kwa sababu duka hilo haliuzi kinywaji hicho, sheria inalibana duka kupokea aina za vinywaji linavyouza lenyewe, sio vyote vya duniani. Kwahiyo chupa ya brandi ya duka fulani irudishe kwenye duka hilohilo, usihangaike nayo kwingine.

Na duka dogo la mtaani je? Nalo kisheria linapaswa kupokea za vinywaji linavyouza, hata kama hukununulia pale, na huhitaji risiti ya manunuzi. Duka lazima lipokee mpaka vyombo 240 kwa mtu mmoja kwa siku, ingawa kwa masharti fulani linaweza kushusha kikomo hadi 72. Lakini tuseme ukweli, mwenye kaduka ka upana wa chumba kimoja hana pa kuweka makopo 240 yako. Nenda saa ambayo hakuna wateja wengi, peleka machache, msalimie kwanza. Sheria iko upande wako lakini ukiingia saa 12 jioni na mifuko miwili inayovuja utapewa jibu la mkato tu.

Kama mzigo ni mkubwa, labda mmefanya sherehe au unakusanyia kanisa au kikundi, tafuta kituo cha kurudishia chupa. Hivi ni biashara kazi yake ni hiyo tu, havikubagulii brandi. Brooklyn kuna kimoja kinachojulikana sana kinaitwa Sure We Can, sio cha kibiashara, ni cha waokota makopo wenyewe, watu wanakaa pale uani wanapanga chupa kwa brandi na ukubwa kwenye mifuko ya plastiki angavu, wengi ni wazee na wahamiaji ambao ndio kipato chao. Ukipita usishangae spidi yao, mtu anatazama kopo sekunde moja tu anajua liende mfuko gani.

Onyo moja kabla sijaingia kwenye siasa. New Jersey na Pennsylvania hazina dipoziti, kwahiyo usije ukapata wazo la kujaza buti la gari kwa shangazi yako Newark ukavuka nazo daraja. Hiyo ni ulaghai kisheria, maana unadai hela ambayo hakuna aliyeiweka.

Haya, kelele ya senti 10, yaani madai kwamba dipoziti ya New York ipande toka senti 5. Senti 5 ilianza kutumika 1983 na haijaguswa mpaka leo, wakati senti 5 ya mwaka ule kwa thamani ya sasa ni zaidi ya senti 15. Wanaotaka ipande wanasema nani atainama kuokota senti 5 leo, na wanatolea mfano Oregon, jimbo la kwanza Marekani kupitisha sheria ya namna hii mwaka 1971, walipandisha toka 5 kwenda 10 Aprili 2017 na urejeshaji ukatoka 64% mwaka 2016 ukapita 80%. Connecticut nao wakapandisha Januari 2024. Wanataka pia mvinyo, pombe kali na vinywaji vya wanamichezo viingizwe. Wanaopinga ni kampuni za vinywaji na wenye maduka, wanasema nafasi hawana, bei itaonekana kubwa (ile pakiti ya maji itakuwa na dola 2.40 juu), na senti 10 itavutia makopo ya magendo toka majimbo jirani, jambo ambalo Connecticut wamelilalamikia kweli.

Mimi naona wote wanazungusha maneno pembeni ya tatizo. Angalia Michigan, wao wana senti 10 tangu 1978, kabla ya korona walikuwa wanarejesha karibu 89%, baada ya hapo wameshuka mpaka sabini na kitu na hawajarudi. Senti ni zilezile. Kilichobadilika ni urahisi na mazoea, mashine zilifungwa miezi kadhaa watu wakajifunza kutupa. Kwa New York kinachonitia wasiwasi zaidi ni ule ujira wa senti 3.5 ambao kampuni za vinywaji zinamlipa duka au kituo kwa kila chombo wanachopokea, huo ndio unaolipa kodi ya pango, gari na vibarua, na haujapanda tangu 2009. Mwaka huo kima cha chini cha mshahara kilikuwa dola 7.25 kwa saa, 2025 hapa jijini kilikuwa 16.50. Vituo vingi vimeshafunga, sasa ukipandisha dipoziti bila kugusa ujira watu watajaa na mifuko hawana pa kupeleka. Na kumbuka chupa isiyorudishwa hela yake haipotei, 80% inakwenda serikali ya jimbo na 20% inabaki kwa kampuni, jimbo linapata zaidi ya dola milioni 100 kwa mwaka kwa njia hiyo. Kwahiyo usitegemee sana haraka kutoka Albany, makao makuu ya jimbo.

Ukitaka kusema neno, mpigie mbunge wako wa jimbo, yule wa Albany, sio wa Washington, ofisi yake ya mtaani inapokea simu na inaandika. Taja vitu viwili, dipoziti na ujira wa vituo, ukitaja kimoja tu cha pili watakisahau.

Na tafadhali msianze kuhifadhi makopo ndani mkisubiri ipande. Najua mmesikia, Oregon na Connecticut siku ya mabadiliko ilipofika hata chupa za zamani zililipwa senti 10 na waliokuwa wamejaza gereji walicheka. Lakini wao walikuwa na tarehe iliyotangazwa kabla na walikuwa na gereji. Wewe una chumba kimoja Bronx na mwenye nyumba anayekagua.