Kubadilisha Rejeta Nyumbani Pamoja na Sponji Zake

Rejeta ya gari langu ilipobadilishwa mara ya kwanza, fundi alizibandua sponji za pembeni zilizokuwa zimegeuka unga, akazitupa, wala hakuweka nyingine. Rejeta ilikuwa mpya na haikuvuja hata tone, lakini kila nilipokwama kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro huku kiyoyozi kikiwaka, mshale wa joto ulipanda vilevile. Sponji hizo nyeusi huziba nafasi kati ya rejeta, kondensa ya kiyoyozi (ile inayofanana na rejeta, iliyo mbele yake) na fremu ya mbele, ili hewa yote ilazimike kupita katikati ya mapezi, yaani vile vibati vyembamba vya rejeta. Zikichakaa, hewa hukwepa pembeni, na gari likisimama feni huivuta tena ile hewa ya moto inayozunguka kutoka upande wa injini.

Acha gari lilale usiku kucha kabla ya kuligusa. Mfuniko wa rejeta ulioandikwa 1.1, yaani kiwango cha presha, ambao ni wa kawaida kwenye magari mengi ya Kijapani, huyashikilia maji kwa presha hata yakafikia karibu nyuzi 120 bila kuchemka, na ukiufungua wakati wa moto yatafoka usoni mwako. Chomoa waya hasi wa betri, kwa kuwa kwenye baadhi ya magari feni ya umeme inaweza kuwaka yenyewe. Weka beseni chini, legeza kizibo cha chini cha rejeta kisha fungua mfuniko wa juu. Kulanti, yaani maji ya kupoozea injini, ina ladha tamu na ni sumu, kwa hiyo usiimwage uani wanakopita watoto, kuku na mbwa. Ihifadhi kwenye dumu lililofungwa na kuandikwa.

Kabla ya kutoa chochote, pima pengo ambalo sponji mpya zitaliziba. Mimi hukanda donge dogo la unga wa ngano, nikalibonyeza katika nafasi hiyo juu na pembeni, kisha nikapima unene wake kwa rula, kwa sababu rejeta ikishatoka huwezi tena kujua pengo lilikuwa kiasi gani.

Mipira ya kupitisha kulanti, ya juu na ya chini, ikiwa imegandamana, izungushe taratibu badala ya kuivuta. Ikikataa, ichane kwa kisu ununue mingine, maana shingo ya plastiki ikivunjika hasara ni kubwa zaidi. Gari la otomatiki mara nyingi huwa na mipira miwili myembamba zaidi inayopitisha mafuta ya gia boksi kwenye rejeta, nayo izibwe mara moja kwa bolti safi ili uchafu usiingie. Toa feni pamoja na kava lake, fungua vishikizo vya juu, kisha inyanyue rejeta wima. Kondensa ibaki mahali pake, na bomba zake usizilegeze kamwe, kwani zina gesi yenye presha; ikining'inia, ifunge kwa kamba kwenye fremu. Simamisha rejeta mpya kando ya ile kuukuu ulinganishe shingo, miguu na matundu, kisha uhamishe raba za miguu.

Katika kununua sponji ndipo wengi hukosea. Kata kipande, kibane ndani ya maji na ukiachie. Kikitoka kizito, hiyo ni sponji ya godoro, itakayonyonya maji, kushika tope na kuozesha chuma. Inayofaa ni ile ngumu kiasi isiyonyonya, yenye unene unaozidi pengo kidogo ili ikae imebanwa. Kwangua gundi ya zamani, futa kwa spiriti, acha pakauke, kisha ubandike juu, chini na pande zote mbili bila kufunika mapezi.

Rudisha vyote kwa mpangilio wa kinyume, kisha jaza kulanti polepole huku ukiminya mpira wa juu ili hewa itoke. Ile iliyokwisha kuchanganywa kiwandani usiiongeze maji. Unganisha betri, washa injini mfuniko ukiwa wazi na hita ikiwa kwenye joto la juu, ukiongeza kulanti kina kinaposhuka, mpaka mpira wa chini upate joto na mapovu yaishe. Hapo thamostati, vali inayofunguka kwa joto, imefunguka. Funga mfuniko. Feni ikizunguka, pitisha ukanda wa karatasi laini mbele ya kingo za rejeta: penye pengo lililobaki utaona ukipeperushwa kuja kwako na hewa ya moto.

Usiku tandika boksi la karatasi chini ya gari. Asubuhi, gari likiwa baridi, angalia kina cha kulanti kwenye kidumu cha akiba, kagua kiwango cha mafuta ya gia boksi kwa utaratibu wa gari lako, na tazama kama boksi hilo la karatasi limelowa.