Mwagilia kwanza, ndipo utandaze

Kwa wenye nyanya au sukuma wiki nyuma ya nyumba, kiangazi hiki usitandaze nyasi juu ya udongo mkavu. Mwagilia tuta jioni mpaka maji yazame, ukichokonoa kwa kidole uusikie unyevu chini, ndipo uweke nyasi kavu au majani makavu ya mgomba, unene wa sentimita 5 hadi 8. Matandazo hulinda maji yaliyomo ardhini jua lisiyanyonye. Ukifunika ukavu unabaki na ukavu wako, na kijimvua chepesi kitaishia juu ya majani bila kufika kwenye mizizi. Acha nafasi ya vidole vinne kuzunguka shina. Nyanya hasa huoza upesi zikigusana na majani yenye majimaji. Nyasi zenye mbegu ziache, labda kama unataka kupanda magugu. Masika yakianza, konokono hujificha humo mchana na usiku hula miche, kwa hiyo miche michanga iache wazi. Na palipo na mchwa wengi, nyasi kavu ni kuwaandalia karamu. Hapo weka mboji iliyoiva.