Kabla ya Kusema "Huyu Anatumia Dawa": Namna ya Kupima Mwendo wa Mlimani

Kila Julai ni yale yale. Mwendesha baiskeli anapanda mlima wa Tour de France, mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa, kwa kasi isiyozoeleka, na ubishi unaanza hata hajavuka mstari. Mmoja anataja wati, yaani nguvu anayotoa mwendeshaji, mwingine anamtaja Lance Armstrong, aliyevuliwa mataji kwa dawa, wa tatu anafunga mjadala kwa "lisemwalo lipo". Hesabu yenyewe si ngumu. Ukiwa na video, ramani na kikokotoo unaimaliza kwa nusu saa. Kazi iko kwenye kujua jibu ulilopata linaweza kubeba tuhuma ya uzito gani, na mara nyingi linabeba ndogo kuliko unavyodhani.

Chagua mlima unaopimika

Tafuta mlima unaochukua angalau dakika 20, wenye mwinuko wa wastani wa asilimia 7 hadi 9, usio na sehemu tambarare wala mteremko katikati. Chini ya asilimia 6 hewa inakula sehemu kubwa ya nguvu, na makosa yako kuhusu upepo yanakuwa makubwa kuliko kitu unachokipima. Milima mifupi nayo inadanganya. Kosa la sekunde 10 kwenye mlima wa dakika 40 linahamisha jibu kwa wati 0.03 hivi kwa kilo, lakini kwenye mlima wa dakika 10 linahamisha zaidi ya 0.1.

Pima muda mwenyewe

Usichukue muda uliotajwa na mtu bila kujua ameanza kuhesabu wapi. Mlima wa Alpe d'Huez ndio shule ya jambo hili. Muda wa Mwitalia Marco Pantani wa mwaka 1997 umeandikwa kuwa dakika 37 na sekunde 35, na kwingine utaukuta chini ya dakika 37. Mtu ni yule yule na siku ni ile ile, ila saa zilianzishwa mahali tofauti. Ukilinganisha muda wa mwanzo mmoja na wa mwanzo mwingine, umeshaharibu kazi kabla ya kugusa kikokotoo.

Chagua alama isiyohama, kama daraja, njia panda au bango la kijiji, kisha itafute kwenye ramani usome kimo chake. Fanya hivyo pia kwa mwisho. Kwenye video fuata gurudumu la mbele la mtu wako, si la kiongozi wa kundi. Usitumie saa iliyo pembeni ya skrini, maana mara nyingi inaonyesha tofauti kati ya makundi. Tumia muda wa video yenyewe, na hakikisha ni matangazo kamili. Muhtasari uliokatwakatwa unameza sekunde bila wewe kujua.

Hesabu ya haraka

Chukua mita za kupanda, gawanya kwa dakika, zidisha kwa 60. Hiyo ni VAM, yaani mita za kwenda juu kwa saa. Kisha gawanya VAM kwa jumla ya 200 na mara 10 ya asilimia ya mwinuko. Jibu ni wati kwa kila kilo ya mwendeshaji. Kanuni hii inatokana na Michele Ferrari, daktari wa Kiitalia aliyefungiwa maisha mwaka 2012 katika kesi ya Armstrong na wenzake. Leo wanaowinda watumiaji wa dawa wanatumia fimbo iliyochongwa na daktari wao.

Tuijaribu. Tarehe 14 Julai 2024, hatua ya 15 ya Tour, mwendeshaji Tadej Pogačar alipanda mlima wa Plateau de Beille, kilomita 15.8 zenye mwinuko wa asilimia 7.9, kwa kama dakika 39 na sekunde 50. Mita za kupanda ni 1,250 hivi. VAM inatoka karibu 1,885. Igawe kwa 279, unapata wati 6.8 kwa kilo. Pantani mwaka 1998 alitumia takriban dakika 43 na nusu, kwa hiyo VAM yake ni 1,725 na jibu ni 6.2.

Hesabu kamili

Kanuni ya Ferrari haijui lolote kuhusu upepo, matairi wala baiskeli. Kwa hiyo rudia ukitenganisha mizigo. Mfano ufuatao ni wa mwendeshaji wa kilo 65 mwenye baiskeli, chupa, viatu na nguo vya kilo 9, kwenye mlima huo huo na kwa kasi hiyo hiyo ya mita 6.6 kwa sekunde.

Kuinua uzito: kilo 74 mara 9.81 (mvuto wa dunia) mara 0.0788 (mwinuko) mara kasi, sawa na wati 378.
Matairi: kilo 74 mara 9.81 mara 0.0035 (ukinzani wa matairi) mara kasi, wati 17.
Hewa: nusu ya uzito wa hewa (kilo 1.04 kwa mita ya ujazo kwenye kimo hicho) mara eneo la ukinzani, yaani jinsi mwili na baiskeli vinavyozuia hewa, la 0.32 mara kasi kwa kipeo cha tatu, wati 48.
Mnyororo na gia: jumla ya hizo, 443, gawanya kwa 0.975. Unapata karibu wati 455.

Gawanya kwa kilo 65, jibu ni wati 7.0 kwa kilo. Tayari kuna tofauti ya 0.2 na kanuni ya haraka, na hakuna aliyedanganya.

Upepo, mahali watu wanapoumbuka

Sasa weka upepo wa mgongoni wa mita 1 kwa sekunde, ule ambao bendera inatikisika kidogo tu. Mzigo wa hewa unashuka kutoka wati 48 hadi 35, na jibu linakuwa 6.8. Mita 2 kwa sekunde zinakufikisha 6.6. Upepo huo huo ukigeuka kuwa wa usoni, jibu linapanda hadi 7.5. Yaani upepo ambao mtu aliyesimama barabarani hata hausikii vizuri unaweza kumgeuza mwendeshaji kutoka "anawezekana" kuwa "jambazi". Kwa hiyo tazama bendera za mashabiki, moshi na nyasi za pembeni, na utazame kila upande wa mlima, kwa sababu barabara yenye kona nyingi inabadilisha upepo kila baada ya dakika mbili. Kituo cha hali ya hewa kilichoko bondeni hakikuambii kitu kuhusu kileleni.

Kujificha nyuma ya mwenzako ni ndugu yake upepo. Kwa kasi hii, kukaa nyuma ya gurudumu la mtu kunaweza kupunguza mzigo wa hewa kwa asilimia 20 hadi 30. Siku ile ya Plateau de Beille, Pogačar alikaa nyuma ya wengine kwa zaidi ya nusu ya mlima kabla ya kumwacha mpinzani wake Jonas Vingegaard. Ukimpigia hesabu kana kwamba alikuwa peke yake tangu chini, unampa karibu wati 0.1 au zaidi kwa kilo ambazo hakuzitoa.

Kinachobishaniwa sana bila faida ni uzito wa mwendeshaji. Badilisha kilo 65 ziwe 63 kwenye hesabu ya juu, jibu linasogea kwa 0.05 tu, kwa sababu sehemu kubwa ya nguvu inapanda na kushuka pamoja na uzito. Ugomvi wa kilo unakuwa na maana pale tu timu inapotoa wati kamili na wewe unataka kuzigawa.

Namba ya timu nayo ikaguliwe

Mwaka 2015, mwendeshaji Chris Froome alishinda hatua ya Tour iliyoishia mlima wa La Pierre Saint-Martin, kilomita 15.3 zenye mwinuko wa asilimia 7.4. Televisheni ya Ufaransa ilionyesha makadirio ya wati 7.04 kwa kilo. Timu yake ikajibu kwa wastani wa wati 414 kwa kama dakika 41 na nusu, uzito wa kilo 67.5, na jibu la 5.78. Ukigawa 414 kwa 67.5 unapata 6.13, si 5.78. Tofauti inatokana na meno ya mbele ya baiskeli yake, ambayo yalikuwa na umbo la yai. Kifaa cha kupimia nguvu kinasoma juu kwenye meno ya namna hiyo, na timu ikapunguza asilimia 6.

Pima mwenyewe kwa VAM: mita 1,132 kwa dakika 41.5 ni 1,637, gawanya kwa 274, unapata karibu 6.0. Namba ya televisheni iko mbali mno. Ya timu iko chini kidogo, na uko huru kuuliza kama asilimia 6 ni halali. Hilo ni swali zuri, kwa sababu lina mahali pa kujibiwa. Kumbuka pia kwamba hata kifaa kizuri kina kosa la asilimia 1 hadi 2.

Kulinganisha na wa zamani

Muda wa Pantani unapigwa, na papo hapo mtu anasema: yule alikuwa na dawa, huyu anampita, basi huyu ana dawa kali zaidi. Kwa sentensi inasikika vizuri, kwa hesabu haijitoshelezi. Matairi ya sasa ni mapana na yanapoteza nguvu kidogo, nguo zinabana na kukata hewa, na watu wanakula gramu 90 hadi 120 za wanga kwa saa, wakati zamani 60 zilionekana nyingi. Timu nayo inaweza kuupandisha mlima mzima kwa kasi kali tangu chini, badala ya watu kutazamana. Kwa upande mwingine, vitu hivi wanavyo wote siku hizi. Kwa hiyo kipimo bora ni wenzake wa siku ile ile, waliopanda kwenye upepo ule ule. Kule Plateau de Beille, Vingegaard alifika sekunde 68 nyuma na mpinzani mwingine, Remco Evenepoel, dakika 2 na sekunde 51 nyuma. Wote wawili waliupita muda wa Pantani. Hapo swali linabadilika: ni enzi nzima iliyopanda, au ni mtu mmoja anayejitenga na enzi yake? Hayo ni madai mawili tofauti na kila moja linadai ushahidi wake.

Tazama pia kilichotangulia mlima. Wati 6.5 baada ya saa moja barabarani si sawa na wati 6.5 baada ya saa tano na milima mitatu. Na juu ya mita 2,000, kama kwenye Tourmalet wenye mita 2,115, hewa nyembamba inapunguza nguvu ya kila mtu. Anayeshikilia namba zake za bondeni hadi kule juu anastahili kutazamwa mara mbili.

Damu

Wati zinazua swali, lakini kesi hujengwa kwa damu, mkojo na nyaraka. Pasipoti ya kibiolojia, yaani rekodi ya vipimo vya damu vya mwendeshaji kwa muda mrefu, ilianza kutumiwa na UCI, shirikisho la baiskeli duniani, mwaka 2008, na ukiona data zake zimechapishwa, kuna hesabu moja unayoweza kuifanya. Chukua hemoglobini kwa gramu kwa lita, toa mara 60 ya kipeuo cha pili cha asilimia ya retikulositi, yaani chembe changa za damu. Mtu mwenye hemoglobini 150 na retikulositi asilimia 1 anapata 90, namba ya kawaida. Mwenye 160 na asilimia 0.3 anapata 127. Sababu ni kwamba mwili ukirudishiwa damu yake iliyohifadhiwa, au mtu akiacha EPO, dawa ya kuongeza chembe nyekundu za damu, baada ya kuitumia, damu inakuwa nyingi, uboho unapunguza kazi na chembe changa zinaadimika. Namba moja haitoshi, angalia mwenendo. Katika wiki tatu za mashindano plazima, yaani maji ya damu, huongezeka na hemoglobini hushuka taratibu. Isiposhuka, au ikipanda wiki ya tatu, wataalamu wanauliza maswali. Kambi za milimani nazo zinavuruga namba hizi, na dozi ndogo ndogo za EPO zimebuniwa makusudi ili mstari ubaki tulivu.

Kuwa na subira ya miaka. Juan José Cobo alivuliwa ushindi wa Vuelta (mashindano makubwa ya Uhispania) ya 2011 mwaka 2019, kwa pasipoti. Roman Kreuziger alishtakiwa kwa pasipoti pia, na mwaka 2015 UCI na WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni, wakaiondoa kesi. Kupimwa mara nyingi bila kukutwa hakumsafishi mtu, na Armstrong ni mfano tosha. Michael Rasmussen aliondolewa na timu yake mwaka 2007 akiwa na jezi ya njano ya kiongozi wa Tour, kwa sababu ya taarifa za mahali alipokuwa kabla ya mashindano. Leo kukosekana au kukosea taarifa hizo mara tatu ndani ya miezi 12 ni kosa lenyewe.

Jinsi ya kuiandika tuhuma

Tenganisha hatua nne: mwendo usio wa kawaida, kipimo kinachohitaji maelezo, shtaka, na hukumu. Froome mwaka 2017 alikutwa na nanogramu 2,000 za salbutamol, dawa ya pumu, kwa mililita ya mkojo kwenye Vuelta, mara mbili ya kiwango kinachoruhusiwa, na Julai 2018 kesi ikafungwa bila adhabu. Aliyeandika "alikutwa na dawa" na akaishia hapo ameandika nusu ya habari, na nusu hiyo inamchafulia mtu jina.

Badala ya "alitoa wati 7.0", andika "kati ya 6.6 na 7.2, kwa upepo niliouona, akiwa peke yake kilomita 5 za mwisho". Weka chini yake kimo cha kuanzia na kumalizia, uzito uliokisia, eneo la ukinzani na chanzo cha muda, ili mwenzako abadilishe namba moja na kuona kinachotokea. Mstari wa upepo usipoweza kuujaza, andika "haujulikani" na uongeze wati 0.3 kila upande.